Simu ya Nyanya Ilipokunywa Maji ya Bahari

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi za darasani, na kila mara mwalimu huipigia alama ya vema. Lakini maana yake hasa niliifahamu mwezi wa Agosti mwaka 2025, siku simu ya nyanya yangu ilipotumbukia baharini, nami ndiye niliyekuwa nimeishika. Wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameniomba niandike juu ya utunzaji wa simu na tarakilishi nyumbani, kwa kuwa mtaani kwetu naitwa fundi. Nitaandika, mpenzi msomaji, lakini sina budi kuanza kwa kuungama.

Kwetu ni Shelly Beach, Likoni. Ukishuka feri ukaja huku upande wetu, utasikia harufu ya chumvi kabla hujaiona bahari. Hewa hiyo wageni huisifu sana, lakini vyombo vya umeme haviipendi hata kidogo. Chumvi na unyevu hula kila kilicho cha chuma: bawaba za milango, mabati, pasi, redio, na hata vile vyuma vidogo vilivyomo ndani ya tundu la chaji la simu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mtaa wetu utakuta simu ambayo haikubali kuingia chaji mpaka waya upindwe na kugandamizwa kwa kitu kizito.

Ufundi wangu ulianzia hapo. Jirani yetu mmoja, muuza viazi karai, alikuwa karibu kununua betri mpya kwa sababu simu yake ilikuwa haichaji. Nikamwomba niitazame. Nilimulika ndani ya tundu kwa kurunzi ya mulika mwizi, nikaona vumbi na nyuzi za nguo zimeshindiliwa pale mithili ya pamba ndani ya mto, na pembeni kijani cha kutu. Niliizima simu, nikachukua kijiti cha meno cha mti (si pini, kwa maana pini ni chuma na yaweza kuunganisha visivyotakiwa kuunganishwa) nikachokoa polepole mpaka uchafu ukatoka. Tulipochomeka waya, chaji ikaingia. Nililipwa sahani ya viazi na ukwaju, na tangu jioni ile nikaitwa fundi.

Baada ya hapo watu hawakuisha mlangoni. Mzee mmoja alilalamika kuwa simu yake imekufa masikio, haipigiki wala haipokei. Kumbe kidole chake kilibonyeza alama ya ndege, ile inayokata mawasiliano yote. Nilibonyeza tena pale pale, mtandao ukarudi, naye akaniombea dua ndefu. Mama mwingine simu yake ilimwambia nafasi imejaa. Tulipochungua, tulikuta mamia ya picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema" na video za vichekesho ambazo kila kundi alimo zilimwagika humo. Tulizifuta, simu ikapumua.

Binamu yangu naye ana tarakilishi ya mezani, akadhani imeungua siku stima ilipokatika na kurudi kwa kishindo. Nilianza ukutani: soketi ina stima? Ina. Waya wa tarakilishi umekaa sawa? Umekaa. Feni yake yasikika? Yasikika. Basi tarakilishi i hai, tatizo liko kwenye kioo. Tukakuta waya wa kioo umelegea kwa nyuma. Nilimshauri stima ikikatika achomoe kila kitu, asichomeke tena mpaka irudi na kutulia, kwa kuwa ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua vyombo.

Jirani mwingine alikaribia kutapeliwa. Alipata ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 2,500, na mara mtu akampigia akilia kuwa amekosea nambari, amrudishie upesi, mtoto yuko hospitali. Nilimwonyesha kwamba ujumbe ule ulitoka kwa nambari ya mtu wa kawaida, ilhali ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA. Kisha nikamwambia aulize salio. Salio halikuongezeka hata senti. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2007, na nadhani matapeli waliamka nayo siku hiyo hiyo. Mtu aliyekosea kikweli hana haja ya kukulilia. Huupeleka ujumbe wake wa kutuma pesa kwa 456, nao Safaricom huanza kulishughulikia.

Kwa sifa hizo zote nilivimba kichwa. Hakuna aliyenikuta nikisema "sijui". Mtu akileta simu nilikuwa naipokea na kuanza kubonyeza hata kabla hajamaliza kueleza kisa chake.

Sasa nieleze simu yenyewe ilikuwa na nini. Mamangu aliondoka mwaka 2023 kwenda Saudia, kufanya kazi za nyumbani katika familia moja ya Riyadh. Simu ile aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akamtumia nyanya pesa, nami nikaenda naye dukani kuichagua. Kazi za mama huanza alfajiri na kuisha usiku, kwa hiyo hawezi kupiga simu apendavyo. Kila Ijumaa akipata nafasi hurekodi sauti yake na kuituma. Nyanya huziita barua za sauti. Baada ya sala na chakula cha mchana hukaa kwenye mkeka, huweka simu sikioni na kusikiliza huku macho ameyafumba. Akimaliza huirudia. Hakuwahi kufuta hata moja, na ile ya usiku wa kwanza, mama alipofika Riyadh akasema kuna baridi ya feni ya ukutani na kwamba amekumbuka mahamri, nyanya alikuwa akiisikiliza hata siku isiyo Ijumaa.

Si sauti tu. Humo ndimo ilimokuwa picha ya mkataba wa mama, picha ya pasipoti yake, na nambari za mwajiri na za wakala. Wenzetu wenye mama, dada na shangazi katika nchi za Ghuba watanielewa. Ikitokea shida kule, karatasi hizo ndizo utakazoulizwa kwanza. Nasi tulikuwa nazo mahali pamoja tu, ndani ya simu moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Nyanya huuza viazi karai, mabuyu na maji ya ukwaju karibu na ufuo siku za mapumziko. Yalikuwa maji ya bamvua na upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu, mawimbi yakaja juu kuliko kawaida. Nikaona ni jambo zuri nimpigie mama picha ya video, aione bahari ya kwao. Nilichukua simu ya nyanya mezani, nikaingia majini hadi magotini. Wimbi la kwanza nililipiga picha, la pili nalo vilevile. La tatu ndilo lililonipiga mimi. Nilipoinuka mkono ulikuwa mtupu.

Niliipapasa mchangani nikaipata. Ajabu ni kwamba ilikuwa bado inawaka. Nilimshukuru Mungu, nikaifuta kwa shati na kuanza kuijaribu: nikafungua picha, nikafungua sauti ya mama nione kama spika ni nzima. Sauti ilitoka ikikwaruza kama viazi katika mafuta ya moto, kisha kioo kikafifia, kikazimika.

"Mbona umelowa hivyo?" nyanya aliniuliza.

"Wimbi, nyanya."

"Na simu i wapi?"

"Ninayo. Betri imeisha."

Huo ukawa uongo wa kwanza.

Usiku nilifanya yale ambayo kila mtu husema yafanywe. Niliitia simu katika mchele, kilo nzima ya pishori aliyoiweka nyanya kwa ajili ya pilau ya Ijumaa. Asubuhi niliitoa, nikabonyeza, ikawaka kidogo tu mfano wa kibiriti chenye unyevu, ikazima. Nikajiambia kwamba ina njaa ya chaji. Nikaichomeka. Haikupita dakika tano nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilichomoa waya mikono ikinitetemeka. Kuanzia hapo simu haikuwaka tena.

Jumatatu nilisema waya wa chaji ni mbovu. Jumatano nikasema nimempa rafiki yangu airekebishe programu. Msomaji, usiku sikuwa nalala. Nilikuwa nahesabu siku kuelekea Ijumaa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani ambao hakuufanya.

Ijumaa ikafika. Nyanya alikula, akanawa, akatandika mkeka wake. "Haya, nipe simu nimsikie mwanangu," akasema, mkono ameunyosha.

Nikapiga magoti nikamweleza yote: wimbi, mchele, chaji na harufu. Nilitarajia kofi. Nyanya alinyamaza kwa muda, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Simu ni chombo, mwanangu, na chombo huvunjika. Lakini siku tano wanificha nini? Ungesema siku ile ile, si tungetafuta mtu ajuaye?"

Kesho yake nilikwenda kwa fundi simu karibu na kivuko cha feri. Nilimwamkia, nikamkabidhi. Hakuigusa kwanza, alinitazama mimi.

"Ilianguka maji gani? Ya mfereji au ya chumvi?"

"Ya chumvi."

"Lini?"

"Jumapili."

"Uliiwasha baada ya hapo?"

"Mara mbili, tatu hivi."

"Uliichaji?"

Nikasema la. Hata pale, mbele ya mtu aliyetaka kunisaidia, ulimi ulinikimbia. Fundi akafungua simu kwa bisibisi zake ndogo, akaiweka chini ya lenzi na kuniita nitazame. Niliona bodi imeota ukungu wa kijani na mweupe, na karibu na tundu la chaji pana doa jeusi lililoungua.

"Kijana, simu haidanganyi," akasema. "Hii ilichajiwa ikiwa na maji."

Nilikiri. Hapo ndipo aliponifundisha, tena bila kunicheka. Alisema maji pekee mara nyingi hayaui simu. Kinachoua ni umeme unaopita ndani ya maji hayo, na maji ya bahari hupitisha umeme kwa urahisi kushinda ya mfereji kwa sababu ya chumvi. Kila nilipoiwasha nilikuwa naichoma kidogo kidogo, na nilipoichaji nikammaliza maiti. Ama kuhusu mchele, alisema haunyonyi maji yaliyo ndani ya simu iliyofungwa, na hata yangekauka, chumvi ingebaki pale pale ikiendelea kula vyuma. Vumbi la mchele nalo huingia kwenye matundu. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasitie simu katika mchele. Nilijionea huruma mimi na pishori ya nyanya.

"Ungenileta siku ile ile ikiwa imezimwa," aliniambia, "ningeifungua, nikaiosha chumvi kwa spiriti, nikaikausha. Pengine ingepona. Siku sita ni nyingi."

Nilimuuliza kuhusu sauti za mama. Alieleza kwamba kumbukumbu ya simu hizi imeshikanishwa na bodi, haichomoki kama kadi, na bodi yenyewe imeoza. Alijaribu hata hivyo, nikiwa nimekaa pale tangu saa nne hadi adhuhuri. Haikuwezekana. Alinirudishia laini tu, ameisafisha, na hakutaka pesa yangu.

Laini ile ilituokoa. Mjomba alitupa simu yake ya zamani iliyopasuka kioo. Tulitia laini ya nyanya, tukafungua WhatsApp kwa nambari ile ile, tarakimu za kuthibitisha zikaja kwa ujumbe mfupi. Sauti za zamani hazikuwemo, kwa kuwa fundi mimi sikuwahi kuweka nakala popote. Lakini ujumbe ambao haujamfikia mtu huhifadhiwa mpaka siku 30, na usiku mama alipowasha simu yake Riyadh, barua mbili za sauti zikaingia. Ya kwanza ilikuwa ya salamu. Ya pili mama alikuwa analia: "Mama, u mzima? Mbona kimya? Kuna nini nyumbani?" Alidhani nyanya ni mgonjwa au amefariki tunamficha. Kule alikuwa akipiga deki nyumba ya watu na hofu hiyo kifuani, kwa sababu yangu.

Nyanya alimjibu kwamba wote ni wazima, ni simu tu iliyokwenda kuogelea. Mama akacheka huku bado analia. Kisha akatutumia upya picha za mkataba na pasipoti. Ile sauti ya usiku wa kwanza, ya baridi ya feni na mahamri, imepotea kabisa. Nyanya husema haidhuru, yuaijua kwa moyo. Lakini nimemwona siku nyingine akiipekua simu mpya kana kwamba huenda imejificha mahali.

Basi haya ndiyo niliyojifunza, nawapeni wenzangu bila malipo.

Kwanza, simu ikianguka majini, izime papo hapo hata kama inawaka. Usiijaribu kuona kama ni nzima. Toa laini na kadi, na betri ikiwa yatoka. Usiitie mchele, usiipulize kwa hewa moto, na usiichaji. Ikiwa ni maji ya bahari, mpelekee fundi siku hiyo hiyo na umweleze ukweli wote, kama mgonjwa anavyomweleza daktari.

Pili, kabla ya kugusa chombo chochote, uliza. Kilikuwa kinafanya nini kilipoharibika? Nini kilibadilika? Kisha anza na lililo jepesi: waya, soketi, sauti iliyozimwa, alama ya ndege, kuzima na kuwasha upya. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi lililoponya wala lipi lililoharibu.

Tatu, kitu usichoweza kukipoteza kisikae mahali pamoja. Mkataba wa mama sasa umechapishwa, umo ndani ya kibweta cha nyanya. Nakala iko katika simu ya mjomba, na nyingine katika akaunti ya Google, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Neno la siri la akaunti hiyo nyanya ameliandika daftarini kwa mkono wake. Nambari muhimu nazo ziko katika daftari lilo hilo, kwa wino, kwa maana daftari halihitaji chaji.

Nne, na hili ndilo kubwa, fundi asiyeweza kusema "sijui" ni hatari kuliko maji ya chumvi. Nyanya hakupoteza sauti zile kwa sababu ya wimbi. Alizipoteza kwa siku tano nilizokuwa naogopa kuaibika.

Juzi jirani yule wa viazi karai alikuja mbio, simu yake imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Alinyosha mkono aniwashie aone. Nikaificha mikono yangu mgongoni.

"Umeiwasha?" nikamuuliza.

"Bado."

"Basi usiiwashe. Mimi hili siliwezi, twende kwa fundi sasa hivi."

Tulikwenda. Ilipona. Njiani kurudi alinitania kwamba cheo changu cha ufundi kimeshuka. Nami nilimjibu kuwa ndiyo kwanza kimeanza.